Kamba Ikilegea

Ijumaa ile, saa sita na nusu mchana, mtaa mzima ulimwona Mihayo akikokotwa na mbwa.

Mbwa mwenyewe hakuwa wa kutisha. Alikuwa na miezi minane, rangi ya udongo, masikio ambayo hayajaamua yasimame au yalale, na jina lililomzidi umri: Komando. Tatizo lake lilikuwa moja tu, alimpenda kila mtu. Mbwa mkali watu humkwepa mapema, lakini huyu alikufikia kifuani kabla hujajua kama kuna mbwa barabarani. Mihayo, mtu wa miaka hamsini na minne, mabega mapana ya mtu aliyelima kwa plau tangu ujana, alikuwa ameizungusha kamba ya katani mara mbili kwenye kiganja na anasema, "Haya, haya, twende." Kamba ilivyozidi kukaza, ndivyo naye alivyozidi kuongeza hatua. Kwenye kijiwe cha bodaboda vijana waliuliza ni nani kati ya wale wawili anayepelekwa hospitali. Mihayo akakaza mwendo. Alidhani kazi inakwenda vizuri.

Mzee Sharifu alikuwa anatoka getini kwake kwenda msikitini. Huyu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, na ndiye mwenye nyumba ya vyumba viwili aliyopanga Mihayo na familia yake. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi asubuhi hiyo hiyo. Komando alimwona, akaruka mtaro akiwa na miguu yenye tope, kamba ikamchomoka Mihayo mkononi pamoja na kipande cha ngozi, na kufumba na kufumbua nyayo mbili zilikuwa kwenye kifua cha Mzee Sharifu na ulimi kwenye vidole vyake.

Mihayo alikimbia akiomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, halafu akafanya jambo la kijinga kabisa: alianza kuifuta ile kanzu kwa mkono uleule uliokuwa umemshika mbwa. Mzee Sharifu aliutazama ule mkono, akautoa kifuani kwake taratibu, akageuka na kurudi ndani. Kwa imani yake mate ya mbwa ni najisi, na kujitoharisha kwake si kumwagia maji tu. Alipomaliza kujiosha mara saba, moja kwa udongo, na kubadili nguo, watu walikuwa wanatoka msikitini.

Vijana wa bodaboda, ambao siku zote hawakosi neno, walikaa kimya. Ukimya huo ulimuuma Mihayo kuliko kicheko.

Alasiri Mzee Sharifu alikuja mwenyewe. Alikataa kigoda, akasimama mbali kidogo na pale mbwa alipofungwa. Hakupandisha sauti, na mtu asiyepandisha sauti ni mgumu kumjibu.

"Mzee Mihayo, sina ugomvi na mbwa, naye kaumbwa na Mungu. Lakini leo nimekosa Ijumaa, na sijawahi kuikosa nikiwa mzima wa afya tangu nihamie Bariadi. Mpaka mwisho wa mwezi huyu, ama atembee kwa adabu, ama aondoke. Asipoondoka yeye, itabidi muondoke wote."

Kwandu, mke wa Mihayo, alikuwa anachambua mboga mlangoni. Aliinuka, akamwomba msamaha kwa niaba ya nyumba nzima, akasema amemsikia. Binti yao Veronica, aliyekuwa kidato cha nne na ameshika kitabu juu chini, alitamani ardhi impokee.

Lingekuwa jambo la kumrudisha mbwa alikotoka, Mihayo angemrudisha jioni hiyo hiyo. Lakini Komando hakuwa mbwa wa kufugwa kwa mapenzi, alikuwa ndiyo kazi yenyewe. Mihayo alilinda geti la kiwanda cha kuchambua pamba kwa misimu sita. Msimu uliopita mbwa walioachwa huru uwanjani walimng'ata kibarua mguu, na meneja mpya, kijana aitwaye Deogratias, akawaondoa wote. Akamnunua huyu mmoja akiwa mdogo, akamkabidhi Mihayo: amlee, na siku msimu unapofunguliwa apite naye katikati ya watu, mkononi, bila kumsumbua mtu. Ikiwezekana, geti ni la Mihayo. Isipowezekana, kampuni ya ulinzi kutoka Mwanza italeta askari wake na mbwa wake. Msimu ulikuwa unafunguliwa Jumatatu ya wiki ya tatu kutoka siku ile.

Na kama geti likienda, wanarudi Lalago, kijijini kwao. Kule shamba lilikwisha kugawanywa na nyumba iliyobaki ni ya mdogo wake. Mihayo angenawa mikono kila siku kwenye mji wa mdogo wake na kusubiri aitwe kula. Veronica angefanya mtihani wake wa mwisho akiwa mgeni kwa baba mdogo, kama angeufanya.

*

Mihayo hakuwa mtu asiyejua wanyama. Hilo ndilo lililomchanganya. Lalago yote ilimjua kwa kufundisha maksai. Watu walimletea ndume wawili wasiojua nira, na baada ya majuma matatu waliwachukua wanalima mstari ulionyooka. Alijua kumfunga ng'ombe, kumchosha, kumsemesha. Kwa hiyo alimfanyia Komando yaleyale. Asubuhi alimtoa nje, Veronica akatangulia mbele na kuita, yeye akafuata nyuma na kifimbo, akisema haya, haya. Mbwa alivuta mpaka akakohoa, na Mihayo akamsifu kwa nguvu zake. Siku ya nne alikuwa anavuta zaidi kuliko siku ya kwanza. Mihayo akabadili kamba, akanunua nene zaidi.

Siku ya tano Kwandu alikiona kiganja cha mumewe kimechubuka mpaka nyama. Akakiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, halafu akamwomba amtembeze mbwa kutoka pale mlangoni mpaka bombani na kurudi, yeye aangalie tu. Mihayo alisema kuna nini cha kuangalia. Lakini akaenda. Kwandu akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, akawatazama wakienda na wakirudi, mbwa mbele, mume nyuma, kamba katikati imenyooka.

"Baba Vero," alisema walipofika, "unalima."

"Nalima nini?"

"Unalima barabara. Umemfanya huyu mbwa maksai."

Mihayo akamtaka aseme anachotaka kusema. Kwandu akasema. Alizaliwa Mwanhuzi, kwa baba aliyekuwa na ng'ombe wengi na watoto wa kike watupu, kwa hiyo yeye ndiye aliyetembea mbele ya maksai, ameshika kamba, tangu akiwa na miaka minane. Mume wake maisha yake yote alikuwa nyuma, kwenye mikono ya plau. Aliyeko nyuma huona mnyororo. Mnyororo ukikaza anajua jembe limeingia, anafurahi, anasema haya. Aliyeko mbele hauoni mnyororo, anaona macho ya mnyama, na anajua kwamba akisimama yeye, mnyama naye anasimama.

"Ng'ombe akivuta, hiyo ndiyo kazi yake," Kwandu alisema. "Huyu akivuta, ndiyo kosa lake. Na wewe kila akivuta unampeleka anakotaka, tena unamsifu. Kwa nini aache?"

Mihayo alimfunga mbwa mahali pake. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko ukali, kama leo yeye ndiye wa kufundishwa mambo ya wanyama na mwanamke wake. Kwandu alisema hamfundishi, anamwambia alichokiona. Usiku ule kila mmoja alilala akitazama ukuta wake.

*

Kesho yake, Mihayo alipokuwa zamu kiwandani, Kwandu alimtoa mbwa mwenyewe. Alifunga dagaa wakavu kwenye pindo la kanga. Kanuni yake ilikuwa fupi: kamba ikikaza, anasimama. Havuti, hasemi, hapigi. Kamba ikilegea, mbwa anapata dagaa mmoja na safari inaendelea.

Kutoka mlangoni kwao mpaka duka la mangi ni mwendo wa dakika mbili. Siku ile walitumia dakika hamsini. Komando alivuta, Kwandu akasimama. Komando akalia, akajitupa chini, akazunguka miguu ya Kwandu mpaka akamfunga kama kuni. Kwandu akajifungua, akasimama tena. Wapita njia walisimama kuona mwanamke mzima aliyegandishwa barabarani na mbwa. Mmoja alimuuliza kama anaumwa mgongo. Mwingine akasema haya ndiyo mambo ya wazungu kwenye televisheni, kutembeza mbwa, tena mtu hata gari hana. Muzdalifa, mke wa Mzee Sharifu, aliyekuwa na ulimi mwepesi lakini si moyo mbaya, alimwita kutoka dirishani.

"Mama Vero, huyo mbwa anakula dagaa, na jana nimewaona nyinyi mnakula mlenda mtupu."

"Ndivyo ilivyo, dada," Kwandu alisema. "Yeye ndiye anakwenda kazini."

Aliona aibu, tusidanganyane. Aliona aibu kiasi kwamba kwenye kona ya pili alitaka kugeuka. Lakini kamba ilikuwa imekaza, na kama angegeuka pale angekuwa amemfundisha mbwa jambo jingine. Akasimama. Mbwa akatazama nyuma kuona kuna nini. Kamba ikalegea kiasi cha shubiri moja. Kwandu akainama akampa dagaa, na moyo wake ukaruka kwa furaha, peke yake pale kwenye vumbi.

Siku zilizofuata Veronica alimpokea jioni baada ya shule. Binti huyu alikuwa na subira ya mama yake na mdomo wa baba yake, na vijana wa bodaboda walipomtania aliwaambia kwamba Komando amekwisha kujua kusimama barabarani, wao bado. Dakika hamsini zikawa thelathini. Thelathini zikawa kumi, na Komando akajua kukaa akiambiwa. Mihayo alijua yote hayo, maana mtaa haufichi kitu, lakini akirudi kutoka zamu alikula, akalala, na hakuuliza. Wala hakukataza.

Alhamisi ya wiki ya pili Kwandu alikutana na Mzee Sharifu uso kwa uso kwenye kichochoro cha nyuma ya duka, mahali pembamba pasipo pa kukwepea. Mzee aliikusanya kanzu yake kwa mikono miwili. Kwandu alisimama, mbwa akasimama. Akamwambia kaa, akamweka nyuma ya miguu yake, akageuza mgongo ukutani ili njia yote ibaki ya mzee. Mkia wa Komando ulikuwa unafagia chini kwa hamu, mwili wote unatetemeka, lakini makalio yake hayakuinuka. Mzee Sharifu akapita. Hatua tatu mbele alisimama, akageuka.

"Leo amenipisha," alisema.

"Amekupisha, mzee."

"Basi sitakuwa wa kwanza kulizungumza lile la kuhama tena." Akaiachia kanzu yake, akaenda zake.

Kwandu alirudi nyumbani akicheka na kujifuta machozi, na Veronica alipouliza, alisema ni vumbi. Nyumba ilikuwa imepona. Kazi ndiyo ilikuwa bado, na Veronica ndiye aliyelisema jambo ambalo wote walikuwa wanalizunguka. Walikuwa wanakula jioni ile, zimebaki siku tatu kabla ya Jumatatu.

"Baba, Komando anatembea na mama. Anatembea na mimi. Jumatatu atakayeshika kamba si mama, wala si mimi."

Mihayo aliendelea kutafuna. Kisha akanawa, akamtazama mkewe, na akauliza dagaa huwekwa mfuko gani.

*

Alijifunza Ijumaa hiyo na Jumamosi, kulipopambazuka, kwenye njia ya kutokea mjini ambako hakuna anayemjua. Kwandu alitembea pembeni. Haikuwa rahisi. Mikono yake ilikuwa na tabia ya miaka arobaini, kamba ikikaza miguu ilikwenda yenyewe. Kwandu alimwambia, "Simama," na yeye alikwisha kupiga hatua mbili. Walirudia. Alitukana mara moja, akaomba radhi mara moja. Jumapili, wakitoka kanisani, alisema kwamba sasa ameelewa, ila hajui kama ataelewa mbele za watu. Kwandu alimwambia hata yeye hajui.

Jumatatu uwanja wa kiwanda ulijaa. Malori ya pamba yalipanga mstari hadi nje ya geti, na vibarua zaidi ya mia moja walikuja kuandikishwa. Wengi walitoka Maswa, na miongoni mwao kundi zima lilikuwa la watu wa Lalago. Kati yao alikuwamo Maige, ambaye Mihayo aliwahi kumfundishia maksai jozi nne, na ambaye sauti yake ilisikika mahali popote alipokuwa. Kwandu alisimama nje ya uzio kwa wanawake wanaouza uji, kikombe mkononi, hanywi.

Meneja Deogratias alieleza kwa kifupi. Kutoka getini, kupita kwenye mstari wa vibarua, kuzunguka mizani ya malori, kurudi. Alikuwa na watu wa Mwanza kwenye simu, alisema bila ubaya, na anatakiwa kuwajibu kabla ya saa nne.

Walianza vizuri. Mihayo alipiga hatua ishirini, kamba inaning'inia. Halafu kibarua mmoja akapiga mluzi, mwingine akarusha kipande cha chapati, na Komando, ambaye hajawahi kuona binadamu wengi hivyo wa kupendwa kwa mara moja, akaruka. Kamba ikakaza. Mihayo akasimama.

Mstari mzima ukaangua kicheko. "Mihayo," Maige aliita, "mbona leo ndama amekushinda? Mpe fimbo, tumalize."

Mihayo hakugeuka. Mbwa alivuta, akalia, akachimba vumbi. Mihayo alijua kabisa namna ya kulimaliza. Angeifupisha kamba, angemnyanyua shingo, angemburuta mpaka kwenye mizani na kurudi kwa dakika mbili, na watu wa Lalago wangesema huyo ndiye Mihayo tunayemjua. Mbwa angefika. Kesho angevuta tena, na keshokutwa angemrukia mtu. Jasho lilimtiririka kwenye mashavu. Alisimama. Komando akatazama nyuma, kamba ikalegea, akapata dagaa. Hatua nne. Kamba ikakaza. Akasimama tena, na kicheko kikaanza upya.

Mara ya tatu meneja aliangalia saa. Mara ya nne Maige alisema jambo la Kisukuma ambalo halifai kuandikwa. Mihayo hakuna alichofanya, alisimama tu katikati ya uwanja na mkono wake uliofungwa kitambaa, na uso wake ukionyesha wazi kwamba anaumia. Kwandu nje ya uzio aligundua kwamba anasema "simama, simama" kwa sauti, na muuza uji anamtazama. Mara ya tano kicheko kilikuwa chembamba. Ni vigumu kumcheka kwa muda mrefu mtu asiyekimbia wala kukasirika. Mara ya sita hakucheka mtu.

Komando akarudi mwenyewe mpaka kwenye goti la Mihayo. Akakaa. Mihayo akasubiri kidogo zaidi, kisha akatembea, na mbwa akatembea naye. Walipita mbele ya vibarua mia moja, kamba imelegea kati yao, mkia unapiga huku na huku. Mtoto wa dereva wa lori alinyoosha mkono, Komando akamtazama, akamtazama Mihayo, akaendelea na safari. Wakazunguka mizani. Wakarudi.

Meneja akaweka simu mfukoni. Alisema ni msimu huu mmoja kwanza, wa ujao wataangalia. Kwamba mbwa bado ni mtoto, hilo ameliona. Ila mlinzi anayeweza kuchekwa na uwanja mzima asimpige mtu wala mnyama, huyo anamtaka getini kwake. Halafu akauliza, mbele ya wote, amejifunzia wapi.

Watu wa Lalago walisubiri jibu, na jibu walikuwa nalo tayari vichwani mwao. Maige alikwisha kuanza kumwambia jirani yake kwamba huyu bwana alifundisha maksai wilaya nzima. Ingekuwa rahisi sana kumwacha aendelee.

"Kwa mke wangu," Mihayo alisema. "Mimi nilikuwa namharibu. Kwandu ndiye aliyeona."

Aliugeukia ule uzio na kumwonyesha kwa mkono. Miaka ishirini na mmoja ya ndoa yao, mbele za watu alikuwa Mama Vero tu, au mama, au yule wa nyumbani. Kwandu alisikia jina lake mwenyewe likivuka uwanja kwa sauti ya mumewe, akakiweka kikombe chini, na hakujali nani anamwona analia.

Maige ndiye aliyetangulia. Alivua kofia, akasogea mpaka kwenye uzio, akainama kidogo namna mtu wa Lalago anavyoinama kwa mama wa mji. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, habari za asubuhi, mama. Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, wale wanaume wa maksai wakaja kumsalimia.